"Ungeweza kupunguza": duka la Tigard, kijito cha Fanno na sharti la kibali lililofika Mahakama ya Juu

Katika mji wa Tigard, jimbo la Oregon nchini Marekani, kulikuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme lililokuwa Main Street, ndani ya eneo la biashara la mji. Mmiliki wake, Florence Dolan, aliomba kibali cha kujenga duka kubwa zaidi kwenye kiwanja hichohicho, na kibali akapewa. Hakuna aliyedai kwamba duka halifai kuwa pale, wala kwamba matumizi aliyoyaomba yalikwenda kinyume na mpango wa mji. Kilichozaa kesi ni masharti mawili yaliyoambatishwa kwenye kibali, pamoja na maneno ambayo Tume ya Mipango ya mji ilitumia kuyatetea. Tarehe 24 Juni 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya majaji watano dhidi ya wanne, na tangu siku hiyo bodi za mipango za nchi hiyo, hata zile za vijiji vidogo vyenye karani mmoja, huandika sababu za masharti yao zikijua kwamba siku moja zinaweza kutakiwa kuzitetea.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa kuwa kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandaa taarifa za maombi ya vibali kwa ajili ya vikao, na ninaijua ile sentensi iliyoiangusha Tigard. Nimeiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, zaidi ya mara moja. Hoja yangu ni kwamba mji ule haukushindwa kwa sababu ulitaka jambo baya. Ulishindwa kwa sababu uliomba umiliki mahali ambapo katazo la kujenga lingetosha, na kwa sababu uliandika "ungeweza" mahali ambapo mtu aliyepima angeandika "utapunguza".

Kiwanja na ombi

Tigard uko kusini-magharibi mwa Portland, na wakati wa kesi ulikuwa na wakazi wapatao 30,000. Kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1973, kila mji wa Oregon ulitakiwa kuwa na mpango kamili wa matumizi ya ardhi unaolingana na malengo ya jimbo zima, kwa hiyo Tume ya Tigard haikuwa ikifanya kazi kwa kubahatisha. Kanuni zake zilitaka kila kiwanja cha eneo la biashara kibakize asilimia 15 ya nafasi wazi yenye bustani, ili majengo na maegesho ya lami visizidi asilimia 85. Utafiti wa usafiri ulikuwa umeonyesha kwamba msongamano wa magari katikati ya mji ni tatizo, na mji ukabuni mtandao wa njia za waenda kwa miguu na baiskeli ili safari fupi zisilazimu gari. Mpango mwingine, wa maji ya mvua, ulikuwa umebaini kwamba kijito cha Fanno kinafurika sehemu kadhaa, zikiwemo za karibu na kiwanja cha Dolan, na kwamba kadiri ardhi inavyofunikwa kwa paa na lami ndivyo maji yanayokimbilia kijitoni yanavyoongezeka. Mpango huo ulipendekeza mkondo uchimbwe na uwanda wa mafuriko uachwe bila majengo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha ekari 1.67, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 6,700. Duka la zamani lilichukua futi za mraba 9,700 upande wa mashariki, na sehemu ya maegesho ilikuwa ya kokoto. Kijito kilikata kona ya kusini-magharibi kisha kikafuata mpaka wa magharibi, na kwa kuwa kilikuwa na maji mwaka mzima, eneo lililo ndani ya mstari wa mafuriko ya miaka mia moja halikufaa kwa ujenzi wa biashara. (Neno "mafuriko ya miaka mia moja" huwapotosha wengi: maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, na mtaa unaweza kuyaona mara mbili katika muongo mmoja.)

Dolan aliomba kuongeza duka hadi futi za mraba 17,600, karibu mara mbili, na kuweka lami kwenye maegesho ya magari 39. Jengo la zamani lingebomolewa kidogokidogo kadiri jipya linavyopanda. Awamu ya pili ingeongeza jengo jingine upande wa kaskazini-mashariki kwa biashara zinazoendana na hiyo, pamoja na maegesho zaidi. Kwenye mchoro, mbele ya jengo jipya, kulikuwa na sehemu ndogo ya kufungia baiskeli. Tutairudia, kwa sababu Tume iliiona pia.

Masharti na sababu zake

Sharti la kwanza lilimtaka Dolan aukabidhi mji sehemu yote ya kiwanja iliyo ndani ya uwanda wa mafuriko, kwa ajili ya kuboresha njia ya maji ya mvua kando ya kijito. La pili lilimtaka akabidhi ukanda mwingine wa futi 15, yaani mita nne na nusu hivi, unaopakana na uwanda huo, ili uwe njia ya miguu na baiskeli. Kwa jumla ardhi iliyotakiwa ilikaribia futi za mraba 7,000, takriban asilimia 10 ya kiwanja. Ni haki kusema pia yale yaliyompunguzia mzigo: ardhi atakayoikabidhi ingehesabiwa katika ile asilimia 15 ya nafasi wazi, na gharama ya kutunza bustani inayotenganisha eneo hilo na duka ingebebwa na mji. Dolan aliomba aondolewe masharti hayo kwa hoja kwamba ujenzi wake haupingani na sera za mpango, lakini hakupendekeza hatua nyingine ya kupunguza athari badala yake. Tume ikakataa.

Taarifa ya Tume ndiyo moyo wa kisa hiki, na inafaa isomwe polepole. Kuhusu njia, Tume iliandika kwamba ni busara kudhani kuwa wateja na wafanyakazi wa baadaye wangeweza kuitumia kwa usafiri na kwa mapumziko. Iliongeza kwamba, kwa kuwa mchoro una sehemu ya kufungia baiskeli, ni busara kutarajia kwamba baadhi ya watakaozifunga hapo watapita kwenye njia ya kijitoni ikijengwa. Kisha ikahitimisha kwamba mtandao wa njia salama na rahisi ungeweza kufidia sehemu ya magari yanayozidi kwenye barabara za jirani na kupunguza ongezeko la msongamano. Kuhusu uwanda wa mafuriko, ilisema kwamba ongezeko la maji yatakayotoka kwenye kiwanja kwenda kwenye kijito ambacho tayari kimelemewa litazidisha haja ya umma ya kuusimamia mkondo na uwanda wake.

Hakuna hata kauli moja kati ya hizo iliyo ya uongo. Mpangaji yeyote anayeheshimu kazi yake angezitia saini, na ndiyo maana zinatisha. Taarifa ilieleza mwelekeo wa athari, yaani maji yataongezeka na magari yataongezeka, lakini haikueleza ukubwa wake. Ile sehemu ya kufungia baiskeli, ambayo mwombaji aliichora mwenyewe, iligeuzwa kuwa ushahidi wa kumtaka atoe ukanda wa ardhi, bila mtu kuuliza zitafungwa baiskeli ngapi na zitatoka wapi.

Safari ya rufaa

Baraza la Mji liliidhinisha uamuzi wa Tume likiwa na rekebisho moja dogo nitakalolitaja mwishoni. Dolan alikwenda kwenye baraza la jimbo la rufaa za matumizi ya ardhi, akashindwa. Akaenda Mahakama ya Rufaa ya Oregon, akashindwa. Akaenda Mahakama ya Juu ya Oregon, akashindwa tena mwaka 1993. Ngazi zote zilitosheka kwamba kuna uhusiano wa kuridhisha kati ya masharti na athari za ujenzi. Hata hivyo, katika hiyo Mahakama ya Juu ya Oregon, jaji mmoja aliyetofautiana na wenzake, Peterson, aliandika kwamba kusema mtandao wa njia ungeweza kufidia sehemu ya magari ni mbali mno na kusema kwamba utafidia, au kwamba yaelekea utafidia. Sentensi ya jaji aliyeshindwa ndiyo iliyokuja kunukuliwa na walioshinda Washington.

Kwa msomaji wa Kiswahili tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi chenyewe. "Ungeweza kupunguza" imebeba -nge-, na -nge- huacha jambo likining'inia kwenye sharti ambalo halijatajwa: ungeweza kupunguza, kama nini? Kama watu wangenunua baiskeli? Kama njia ingeunganishwa na nyingine? Mzungumzaji akikatisha hapo, mtu wa kawaida barazani humwuliza amalizie. Taarifa za ofisini hazina mtu wa kuuliza, na sentensi hupita kama imekamilika.

Mahakama ya Juu ilipima nini

Msingi wa hoja ya Dolan ulikuwa kifungu cha Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, kinachosema kwamba mali ya mtu binafsi haitachukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Jaji Mkuu Rehnquist, aliyeandika hukumu ya majaji watano, alianza na jambo ambalo hakuna aliyelipinga: mji ungemtaka Dolan aupe ardhi hiyo hivihivi, bila kibali chochote kuombwa, ungelazimika kumlipa. Swali ni kama mji unaweza kukipata kitu hichohicho bure kwa sababu tu mtu amekuja kuomba ruhusa. Kanuni ya zamani ya mahakama hizo ni kwamba serikali haiwezi kumtaka mtu aache haki ya kikatiba ili apate fadhila ambayo haina uhusiano wa maana na haki hiyo.

Hatua ya kwanza ya kipimo ilitoka kwenye kesi ya Nollan ya mwaka 1987, iliyohusu nyumba ya ufukweni Ventura, California. Tume ya pwani ilitoa kibali cha kujenga upya kwa sharti kwamba umma uruhusiwe kupita ufukweni nyuma ya nyumba, kwa sababu kwamba nyumba kubwa itawazuia watu walio barabarani kuiona bahari. Mahakama haikuona vipi kupita nyuma ya nyumba kunamrudishia aliye barabarani mandhari yake. Kwa Tigard hatua hii haikuwa na taabu. Kuzuia ujenzi kwenye uwanda wa mafuriko kunahusiana moja kwa moja na mafuriko, na njia ya baiskeli inahusiana na magari. Uhusiano ulikuwepo.

Hatua ya pili ilikuwa mpya: je, kiasi cha kinachodaiwa kinalingana na kiasi cha athari? Mahakama za majimbo zilikuwa zimegawanyika. Baadhi zilitosheka na kauli za jumla kabisa, nyingine zilidai mji uthibitishe kwamba haja imeletwa na ujenzi huo peke yake, na nyingi zilisimama katikati. Rehnquist aliifuata njia ya katikati lakini akaipa jina lake, ambalo kwa Kiswahili naona laweza kuitwa uwiano wa kukadiria. Hahitajiki mtu kupiga hesabu za uhakika wa desimali, alisema, lakini mji lazima ufanye upimaji wa namna fulani unaohusu kiwanja husika chenyewe, na uonyeshe kwamba kinachotakiwa kinahusiana na athari za ujenzi kwa aina na kwa kiasi.

Hapo pia ndipo mzigo wa ushahidi ulipohama. Mji unapopitisha kanuni za maeneo kwa mji mzima, anayezipinga ndiye mwenye kuthibitisha ubaya wake. Huo ndio msimamo tangu kesi ya Euclid ya mwaka 1926. Lakini mji unapokaa kama mwamuzi juu ya ombi la mtu mmoja, na ukamtaka mtu huyo ahamishe sehemu ya ardhi badala ya kumwekea mipaka ya kuitumia, mwenye kuthibitisha ni mji.

Uwanda wa mafuriko: kukataza na kumiliki

Watu wengi wanaokisimulia kisa hiki hukimbilia njia ya baiskeli. Mimi naona sehemu ya mafuriko ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwa bodi za huku kwetu, kwa sababu hapo mji ulikuwa na hoja nzito na ukaiharibu kwa kuomba kingi.

Mahakama ilikubali kwamba kuongeza paa na lami kungeongeza maji. Mtu angeweza hata kulipigia hesabu papo hapo: tukichukulia kwamba nyongeza yote ya duka, futi za mraba 7,900, ni nyongeza ya paa, hiyo ni kama mita za mraba 730, na mvua ya milimita 25 ikinyesha juu yake huleta zaidi ya lita 18,000, hata kabla ya kuhesabu maegesho yaliyotoka kwenye kokoto kwenda kwenye lami. Mji ungemwambia Dolan asijenge chochote ndani ya mstari wa mafuriko, sharti hilo lingesimama bila shida, hasa kwa kuwa kanuni ya asilimia 15 tayari ilimtaka aache nafasi wazi. Lakini mji ulitaka ardhi yenyewe, iwe sehemu ya ukanda wa kijani wa umma. Rehnquist aliuliza swali ambalo halikuwa na jibu popote kwenye jalada: kwa nini ukanda wa umma, na usiwe wa mtu binafsi, kama lengo ni kuzuia mafuriko? Maji hayajui hati iko kwa jina la nani. Kilichobadilika kwa kuhamisha umiliki ni haki ya Dolan kuamua nani aingie kwenye ardhi yake, na ni vigumu kuona jinsi watu wanaopita kwa matembezi kando ya kijito wanavyopunguza mafuriko.

Ipo sababu moja ambayo ningetarajia mhandisi wa mji aiseme: mpango wa maji ulitaka mkondo uchimbwe jirani na kiwanja hicho, na kuchimba na kusafisha mkondo kunahitaji watu na mitambo kuingia mara kwa mara. Hiyo ingetosha kuomba haki ya kuingia kwa kazi ya mifereji, yenye upana uliopimwa. Haiwezi kufika kwenye bustani ya umma. Tume ilichanganya haja mbili, ya mifereji na ya mapumziko, ikaziweka kwenye sharti moja, na yenye nguvu ikaanguka pamoja na dhaifu.

Njia ya baiskeli: safari 435

Kwenye magari mji ulikuwa na tarakimu moja nzuri. Ulikadiria kwamba duka kubwa lingeongeza takriban safari 435 kwa siku. Mahakama haikuitilia shaka, na ilisema wazi kwamba kudai ardhi kwa ajili ya barabara, njia za miguu na njia nyingine za umma ni jambo la kawaida na mara nyingi la haki. Tatizo ni kwamba tarakimu ilikaa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili, badala ya makadirio ya safari ngapi kati ya hizo 435 zingehamia kwenye njia, palikuwa na "ungeweza kufidia sehemu". Mahakama ilitaka juhudi fulani ya kuipa kauli hiyo kiasi.

Sikubaliani na wanaosema kwamba jambo hilo lilikuwa haliwezekani kwa mji mdogo. Vipande vya mtandao vingeweza kuhesabiwa wapitaji wake kwa siku chache. Wateja wa duka wangeweza kuulizwa wanatoka umbali gani, ingawa nakiri kwamba anayekuja kununua bomba la futi kumi hatalibeba kwa baiskeli, na pengine hilo ndilo jibu ambalo Tume haikutaka kulipata. Wafanyakazi wangeweza kuhesabiwa. Hata makadirio duni, yenye njia ya kukokotoa iliyoelezwa, yangekuwa na nafasi ya kusimama kwa kipimo ambacho chenyewe kinajiita cha kukadiria.

Waliotofautiana

Jaji Stevens, akiungwa mkono na Blackmun na Ginsburg, aliona kwamba majaji walio wengi wameugeuza mzigo wa ushahidi kichwa chini miguu juu. Kwa maoni yake, mfanyabiashara anayeomba kupanua duka hupata faida kutokana na kibali, masharti ni sehemu ya makubaliano mapana, na athari za mafuriko na msongamano hazitabiriki kwa uhakika. Palipo na shaka, alisema kwa maana hiyo, maslahi ya umma katika kuepusha madhara yapewe uzito kuliko ya mjenzi. Jaji Souter aliandika peke yake kwamba kesi hii haikuhitaji kipimo kipya hata kidogo.

Hoja ya Stevens si nyepesi. Anayekaa bondeni chini ya kiwanja cha Dolan hana wakili kwenye kikao cha kibali, na kadiri bodi inavyoogopa kesi ndivyo inavyoweza kulegeza masharti ambayo yangemlinda. Hata hivyo naona Stevens aliitazama bodi kama vile huwa inapima kabla ya kuandika. Waliowahi kukaa kwenye vikao hivyo wanajua. Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, masharti yalikuwa yakinakiliwa kutoka kibali kimoja kwenda kingine, na niliwahi kushika kibali cha ghorofa kilichomtaka mwenye kiwanja alinde kisima ambacho hakikuwepo. Kisima kilikuwa cha mwombaji wa mwezi uliotangulia.

Kwa macho ya Afrika Mashariki

Kipimo cha Dolan si sheria kwetu, na mazingira ni tofauti. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba inailinda mali ya mtu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba haki hiyo ina thamani na inastahili fidia. Kenya, Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda mali, Ibara ya 66 inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi, na Ibara ya 47 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya Kenya ya mwaka 2019 inakwenda mbali zaidi kwa upande wa muda: ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti kabla ya kufika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Tofauti ya kukataza na kumiliki inafahamika vizuri Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hilo ni katazo la matumizi, na kwa hoja ya mafuriko lina mantiki ileile ambayo Mahakama ya Marekani ingeikubali kwenye kijito cha Fanno. Ugumu wa Bonde la Msimbazi, ambako mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba zilichorwa alama ya X nyekundu na kubomolewa, ulitokana na katazo kukuta watu wameshajenga na kuishi, jambo ambalo Tigard haikuwa nalo. Lakini afisa mipango miji anayemtaka mwombaji wa kiwanja kando ya mto aache ukanda kwa ajili ya barabara ya umma, kwa kunukuu zile mita 60, anafanya kosa la Tume ya Tigard kwa ukamilifu: anachukua hoja ya maji kupata njia ya watu. Kama anataka njia, aipime kwa magari na waenda kwa miguu wa ujenzi huo.

Ningeandika nini badala yake? Ningetenganisha masharti matatu. La kwanza: hakuna jengo wala lami ndani ya mstari wa mafuriko, ambao vipimo vyake vimeambatishwa. La pili: mji utakuwa na haki ya kuingia kwenye ukanda wenye upana uliotajwa kwa kazi ya kusafisha mkondo pekee. La tatu, na hili tu, lingehusu njia: kati ya safari 435 zinazokadiriwa kuongezeka, idadi fulani, iliyopatikana kwa hesabu ya siku fulani mahali fulani, itahamia kwenye njia; ukanda wa futi 15 unalingana na sehemu hiyo; na kama haulingani, mji utanunua kilichozidi.

Kesi ilirudishwa Oregon, na baada ya mvutano zaidi pande mbili zilipatana, mji ukalipa zaidi ya dola milioni moja. Njia ya kijito cha Fanno ipo leo na watu hupita. Kipimo chenyewe kimeendelea kupanuka: mwaka 2013, katika kesi ya Koontz ya Florida, kilifikishwa kwenye fedha zinazodaiwa badala ya ardhi, na tarehe 12 Aprili 2024, katika kesi ya Sheetz ya California, majaji wote walikubali kwamba hata ada iliyowekwa na sheria ndogo kwa watu wote, dola 23,420 za barabara kwa kibali cha nyumba moja, haiepuki kupimwa.

Na lile rekebisho moja dogo la Baraza la Mji: kazi ya kupima na kuweka alama za mpaka wa uwanda wa mafuriko iliondolewa kwa Dolan na kupewa idara ya uhandisi ya mji. Kwa maneno mengine, siku amri ya mwisho inaidhinishwa, mstari ambao ardhi yote iliyodaiwa ilihesabiwa kutoka kwake ulikuwa bado unasubiri mtu wa kwenda kuuweka vigingi.